Barua ya wazi: Wanafunzi wa Kanda ya Ziwa nao walale Mandara

Kwa wenye dhamana ya maliasili na utalii, wasimamizi wa hifadhi zetu za taifa, na wenye dhamana ya elimu.

YAH: OMBI LA WANAFUNZI KULALA USIKU MMOJA KATIKA VIBANDA VYA MANDARA, MLIMA KILIMANJARO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari ya kata hapa jijini Mwanza, na ni mlezi wa klabu ya Malihai, ile ya wanafunzi wapenda uhifadhi, shuleni kwetu. Ombi langu ni moja. Wekeni utaratibu wa vikundi vya wanafunzi wa Kitanzania kulala usiku mmoja Mandara, msimu ambao wapandaji wamepungua, kwa bei ya shilingi inayofahamika mapema, bila shule kulazimika kununua safari nzima ya kupanda mlima. Siombi wafikishwe kilele cha Uhuru. Siombi bure pia, maana vya bure nimeviona vikiishia kwenye hotuba. Naomba kitanda cha usiku mmoja, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari.

Mtaniuliza kwa nini isitoshe safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ambayo ipo na inaruhusiwa. Haitoshi, na nasema hivyo kwa sababu tumeifanya.

Kutoka Mwanza hadi Marangu si haba. Basi linatoka stendi ya Nyegezi kabla ya alfajiri, mnaipita Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, Arusha, mnaingia Moshi usiku miguu imevimba. Wanafunzi walilala kwenye bwalo la shule moja iliyotukirimu, asubuhi tukaenda lango la Marangu. Makoti yalikuwa ya mitumba ya soko la Mlango Mmoja, mengine yakivuka magoti. Kabla hatujaondoka Mwanza, mzazi mmoja, mzee wa Kisukuma asiyeishiwa utani, alinifuata ofisini: "Mwalimu, mtoto wa Igogo unampeleka kwa watu kupanda mlima? Si anapanda kila siku na ndoo ya maji kichwani?" Nikacheka, lakini mzee alikuwa na hoja. Hao wa Igogo na Mabatini, mitaa yetu ya vilimani, waliozaliwa juu ya mawe, ndio waliotangulia njia nzima na kutuacha walimu tukihema.

Kutoka langoni hadi Mandara ni kama kilomita nane, karibu zote ndani ya msitu. Mbega wako juu ya miti na mikia yao mirefu myeupe, kuvumwani kunaning'inia matawini, ardhi imelowa. Kwa mtoto aliyezoea jua la ziwani, kuona mvuke ukimtoka mdomoni saa sita mchana ni jambo la kuita wenzake. Tulifika jua limeshageuka. Wageni waliokuwa wakipanda walishafika mapema, wamevua viatu, wako bwaloni kwenye meza ndefu wakinywa chai na bisi. Sisi tulikula maandazi na mayai ya kuchemsha tukiwa tumesimama nje, kando ya kibanda kimojawapo cha mbao, vile ambavyo paa lake linashuka hadi karibu na ardhi. Msichana mmoja wa kidato cha pili akachungulia ndani: vitanda vya mbao vimebanana, magodoro yamevikwa plastiki, soksi za mtu zimetundikwa kwenye msumari. Akageuka kwa kiongozi wetu, kijana wa Marangu, akamwuliza, "Kaka, huyu Mandara alikuwa nani?"

Kijana akaketi kwenye ngazi za kibanda, akaanza kusimulia. Alijua kusimulia. Wanafunzi wakakaa chini kwenye majani mabichi, hata wale wawili wanaonisumbua darasani wakanyamaza. Alipofika kwa Wajerumani akatazama saa, akasimama. Kikundi cha siku moja lazima kiwe langoni kabla ya giza. Sehemu iliyobaki aliimalizia tukiwa tunateremka kwa mstari, kwa hiyo waliomfuata nyuma wakaisikia na waliokuwa mkiani wakaambulia vicheko vya wenzao.

Na sehemu hiyo iliyobaki ndiyo yenyewe.

Kwa faida ya wasiojua, niieleze kidogo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga nyumba mbili za kupumzikia wapandaji kwenye njia hii. Ya chini waliipa jina la Bismarck, kansela wao. Ya juu, pale mita 3,720, wakaipa jina la Carl Peters. Bismarck ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, ule tunaoufundisha kila mwaka na watoto wanaukariri kama orodha ya vifungu. Peters ndiye aliyezunguka Usagara mwaka 1884 akikusanya mikataba ambayo machifu hawakujua inasema nini. Baadaye alipewa kusimamia kituo cha Kilimanjaro, na hapo akawanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodia. Kashfa hiyo ilimfuata hadi Ujerumani, akafukuzwa kazi ya serikali mwaka 1897. Watu wa huku walimwita Mkono wa Damu. Mtu huyo ndiye ambaye jina lake lilikaa kwenye nyumba ya mlimani miaka nenda rudi, huku wapagazi wa Kichagga wakiitaja kila walipobeba mizigo.

Baada ya uhuru majina hayo yaling'olewa. Bismarck ikawa Mandara, Peters ikawa Horombo, na kilele kilichoitwa kwa jina la Kaiser, mfalme wa Wajerumani, kikawa Uhuru. Vibanda vya mbao tunavyoviona leo vilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Norway, mlima ukiwa umeshatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1973.

Sasa huyo Mandara mwenyewe. Ni Mangi (yaani mtawala wa Kichagga) Rindi wa Moshi, ambaye wasafiri wa pwani na Wazungu walimjua kwa jina hilo la Mandara. Hakuwa malaika. Alifanya biashara na misafara ya pwani, pembe za ndovu na watumwa pia, akawachezesha wageni mmoja dhidi ya mwingine, na mwaka 1885 akaingia mkataba na Karl Jühlke, mwenzake huyohuyo Peters. Alifariki mwaka 1891. Mwanawe Meli ndiye aliyepigana na Wajerumani. Mwaka 1892 akawashinda, mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa zaidi, na Machi 2, 1900 wakamnyonga Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake haujaacha kukitafuta. Horombo naye alikuwa Mangi wa Keni, upande wa Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19, aliyejaribu kuzikusanya himaya ndogondogo za Uchagani chini ya mkono mmoja na kujenga ngome za mawe.

Angalieni basi utajiri uliopo hapo. Mtu aliyeweka mkataba na kampuni ya Peters ndiye aliyempokonya Bismarck nyumba, na nyumba ya Peters ikachukuliwa na mtawala aliyekufa kabla Peters hajazaliwa. Ilikuwa haki kumpa Mandara heshima hiyo? Kwa nini isiwe Meli? Hayo ni maswali ya kubishaniwa usiku, watu wamejifunika mablanketi, mzee wa Old Moshi na mzee wa Keni wako mezani kila mmoja anavutia kwake. Huwezi kuyamaliza kwa dakika thelathini huku mtu ana andazi mdomoni.

Na kuna linalotuhusu sisi wa Mwanza moja kwa moja. Pale Kamanga, kando ya kivuko, kuna mawe yaliyobebana ndani ya maji, picha ya Mwanza inayojulikana kuliko zote. Jina lake ni lilelile, Bismarck. Mlimani lilishaondolewa, huku ziwani lipo na tunalichapisha kwenye kadi na fulana. Simwambii mtu abadili jina la jiwe leo. Hilo lina wenyewe, na wana Mwanza tukianza kulijadili hatulali. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi wangu anayepita pale kila Jumamosi akienda Ukerewe au Sengerema kusalimia bibi, angepaswa kujua kwamba mtu huyohuyo aliwahi kuwa na nyumba Kilimanjaro, na jinsi alivyoipoteza. Nilipowaambia hilo kwenye basi wakati wa kurudi, ubishi ulianzia Babati na tulipoingia Singida ulikuwa bado haujaisha. Nimefundisha Mkutano wa Berlin kwa miaka mingi, sijawahi kuona darasa likiamka namna ile.

Nije kwenye fedha, maana najua barua nyingi za namna hii hufia hapo.

Kiingilio cha raia si tatizo. Raia ana bei yake ya shilingi, iko chini mno ukilinganisha na ya mgeni, na tunashukuru. Kinachotuangusha ni yanayofuata pale unapotaka kulala. Ukishasema neno kulala, unahesabiwa kuwa mpandaji, na mpandaji ana mlolongo wake: wakala, kiongozi, msaidizi wa kiongozi, mpishi, wagumu wa kubeba mizigo, chakula, vifaa. Wakala wa kwanza niliyempigia simu alinitajia bei kwa dola, kwa kila kichwa. Nikamwuliza kama amesikia kuwa nazungumza Kiswahili na kwamba hawa ni watoto wa sekondari ya kata. Akasema amesikia, ila "kifurushi ndicho hichohicho." Wa pili alikuwa muungwana zaidi, akaniambia ukweli: hakuna kifurushi cha Mandara peke yake kwa shule, kwa sababu hakuna anayekiulizia. Na hakuna anayekiulizia kwa sababu hakipo. Nani ataukata mzunguko huo kama si ninyi?

Kiongozi tunamhitaji, hilo silipingi, sheria ya mlima ni sheria ya mlima. Wagumu tunawahitaji pia, na walipwe haki yao. Nisingependa kusikia elimu ya watoto wangu imepunguzwa bei kwa kumkata mgumu ujira wake. Lakini wanafunzi arobaini wanaokwenda kilomita nane na kulala usiku mmoja hawahitaji msafara wa watu wanaokwenda kileleni siku tano. Kila mtoto anaweza kubeba shuka lake na chakula chake cha kesho. Jikoni anahitajika mtu wa kuchemsha chai na uji. Dagaa wa Mwanza tutakuja nao wenyewe.

Mtasema vitanda ni vichache. Ni kweli, Mandara ina vitanda kama 60 hivi, na Julai au Desemba kila kitanda kina mtu aliyelipa kwa fedha za kigeni ambazo nchi inazihitaji. Sitaki kumwondoa. Nazungumzia masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, ambapo mvua huwapunguza wapandaji na vitanda hubaki vitupu. Likizo fupi ya muhula wa kwanza mara nyingi huangukia karibu na Pasaka, kwa hiyo kalenda haikatai. Mvua ipo, tutalowa. Watoto wa wavuvi wa Kirumba na Igombe wakiogopa kulowa, watakuwa wamebadilika ghafla.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi. Shida kubwa ya mlima ule ni urefu, na mita 2,720 si mahali ambapo watu wengi wenye afya huzidiwa. Mwanza yenyewe iko zaidi ya mita 1,100. Wakipimwa kabla, wakitembea polepole, na mwenye pumu akijulikana mapema, mwalimu atalala usingizi. Baridi ndiyo ya kushughulikia kwa dhati. Pale langoni wapo wanaokodisha vifaa kwa wapandaji, kwa nini pasiwe na stoo ya wanafunzi: makoti ya mvua, buti, sweta, vinavyoazimwa na kurudishwa? Wapandaji wengi huacha nguo zao nzuri mlimani kila mwaka kama zawadi kwa waliowahudumia. Sehemu ndogo ya moyo huo ingejaza stoo.

Lipo pia la taka na moto, na hapa wahifadhi wana haki ya kuwa wakali. Oktoba 2020 moto ulianzia eneo la Whona, mapumzikio yaliyo kati ya Mandara na Horombo, ukala vichaka vya mlima kwa siku nyingi. Nakumbuka tulivyokaa na redio. Waliopanda kuuzima hawakuwa watalii. Walikuwa askari wa uhifadhi, wananchi wa vijiji vya chini, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka na hao hao wagumu, wakipiga moto kwa matawi. Siku ile hakuna aliyeulizwa kifurushi. Mnapofikiria kama mtoto wa shule akilala Mandara ataleta hatari, fikirieni pia kwamba mlima unapowaka, nchi inawaita watu wa kizazi chake. Ni vizuri wawe wameshawahi kuuona kwa karibu kabla ya hapo.

Tumeshaonyesha kuwa tukitaka, mlima unafikika. Agosti 2022 shirika letu la mawasiliano lilifikisha intaneti ya kasi hadi Horombo, ili mpandaji atume picha akiwa njiani. Jambo jema, sina kinyongo nalo. Lakini aliyeweza kupandisha intaneti mita 3,720 hawezi kushindwa kupandisha wanafunzi mita 2,720.

Wengine wataniambia nyumbani kuna hifadhi, tubaki nayo. Tunayo, na tunaipenda. Saanane iko mwendo mfupi wa boti kutoka mjini. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na imebaki na jina la mvuvi aliyeishi pale. Wanafunzi wangu wote wa Malihai wameshafika. Rubondo iko mbali kidogo lakini tutafika, Mungu akipenda. Ila mwanafunzi wa Moshi naye anatakiwa kuja kuona ziwa, na wa kwetu anatakiwa kupanda ule mlima, kwa sababu mwenge uliowashwa kileleni na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 haukuwa wa Wachagga peke yao. Wazo la kuupeleka kule lilitangazwa na mtu wa Butiama, wa ukanda wetu huu.

Isitoshe, mmetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Walimu tumelipokea kwa furaha. Mahali pa kulifundishia nawaonyesha, na tayari mmeshapajenga.

Kama mtakubali kujaribu, napendekeza muanze kidogo. Shule chache tu kwa masika ijayo, za mikoa ya mbali: sisi Mwanza, labda Kigoma, labda Mtwara, kila moja na usiku wake. Bei itangazwe kwenye tovuti kwa shilingi, na namba ya malipo itolewe moja kwa moja kwa shule, isipitie mikononi mwa mtu wa kati. Wazee wawili watatu wa Marangu, Old Moshi na Keni walipwe posho ya kupanda na kusimulia. Wapo viongozi wastaafu wanaoijua njia ile kuliko nyumbani kwao, na wanazeeka. Pale langoni Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa aliwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889, ameshawekewa kumbukumbu yake. Bwaloni Mandara iwekwe habari ndefu ya nyumba ile, kwa Kiswahili chenye kusomeka, pamoja na yale ya Bismarck, ya Peters, ya Mabruk na Jagodia, na mkataba wa 1885 usifichwe.

Sisi kwa upande wetu tutakuja na fomu za daktari, idhini za wazazi, mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi kumi, mifuko ya kurudi na taka zetu zote, na barua ya mkuu wa shule. Michango tumeanza, mama mmoja muuza sato pale soko la Mwaloni ameshaniletea elfu tano ya mwanawe, akaniagiza nimwandikie risiti yenye jina la mlima. Nimeiandika.

Naomba jibu kabla shule hazijapanga ratiba ya muhula wa kwanza. Mkihitaji mwalimu wa kuja kukaa na wataalamu wenu kuandaa rasimu, nauli ya basi nitajilipia.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia na mlezi wa klabu ya Malihai,
Mwanza